Damu yako ikienda maabara kwa kesi ya DUI (kuendesha gari ukiwa umelewa pombe au dawa) Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa Waswahili tunaoishi huku Marekani, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi na wengineo, madereva wa malori na wa Uber, wanaotoka shifti za usiku kwenye nyumba za kulea wazee, vijana wa chuo. Kilichowakuta wote ni kimoja: wamesimamishwa barabarani, damu imetolewa, halafu baada ya wiki kadhaa au miezi inakuja karatasi yenye kinamba cha desimali ambacho hakuna mtu amekaa nao akawaeleza maana yake. Unakuta mtu anakiri kitu ambacho karatasi haikusema, na mwingine anapigana na namba iliyo sahihi kabisa mpaka hela za wakili zinaisha. Mimi upande wangu ni maabara, sheria nitaigusa pale inapokutana na damu tu, na kila jimbo lina yake kwa hiyo wakili wa jimbo lako bado unamhitaji.

Nilishapuliza, damu ya nini tena?

Kile kimashine cha kupuliza pembeni ya barabara kinamsaidia polisi kuamua akushike au akuache, na majimbo mengi hayaruhusu namba yake itumike mahakamani kuthibitisha kiwango. Mashine kubwa ya kituoni ndiyo inayokubalika, ila nayo inajua pombe tu. Bangi, kokeini, fentanili, dawa za usingizi, vyote hivyo havionekani pale. Kwa hiyo polisi akiona mtu anayumba, macho mazito, halafu mashine inasoma 0.00 au namba ndogo isiyoendana na hali yake, anakwenda kwenye damu. Vilevile kukiwa na ajali yenye majeruhi, au dereva yupo hospitali hawezi kupuliza, au amekataa kupuliza.

Polisi anaweza kunitoa damu bila mimi kukubali?

Kwa kawaida anatakiwa awe na kibali cha jaji. Historia yake ni hivi, mwaka 1966 katika kesi ya Schmerber dhidi ya California Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali damu iliyotolewa bila kibali kwa dereva aliyepata ajali Los Angeles kwa sababu ya dharura, na kwa miaka mingi polisi wengi wakaichukua kama ruhusa ya jumla. Mwaka 2013 kwenye kesi ya Missouri dhidi ya McNeely mahakama ikasema hapana, pombe kupungua mwilini peke yake haitoshi kuitwa dharura kila mara. Mwaka 2016 kwenye kesi ya Birchfield dhidi ya North Dakota ikaongeza kwamba ukishakamatwa kihalali kupuliza hakuhitaji kibali ila damu inahitaji, na jimbo haliwezi kukufungulia kosa la jinai kwa sababu tu umekataa damu isiyo na kibali. Mwaka 2019, Mitchell dhidi ya Wisconsin, dereva aliyezimia hawezi kupuliza wala kukubali, hapo mara nyingi polisi wanaruhusiwa bila kibali.

Sasa usije ukasoma hapo juu ukadhani ukikataa umeshinda. Siku hizi jaji anapigiwa simu usiku huohuo na kibali kinatoka haraka sana sehemu nyingi. Na leseni ni habari nyingine kabisa, kuendesha gari kwenye barabara za jimbo kunahesabika kwamba ulishakubali kupimwa, kwa hiyo ukikataa unaweza kunyang'anywa leseni hata kama kesi yenyewe baadaye utaishinda. Kibali kikishakuwepo tafadhali usishindane na nesi mwenye sindano mkononi, mambo ya kubisha ni ya wakili na jaji.

Walinisomea karatasi kwa Kiingereza sikuelewa, inahesabika?

Inategemea jimbo. New Jersey mwaka 2010, katika kesi ya Marquez, mahakama yao ya juu ilisema dereva lazima aelezwe madhara ya kukataa kipimo kwa lugha anayoielewa, yule alikuwa anaongea Kispanyola. Majimbo mengine hayajafika huko. Wewe sema mapema na kwa sauti kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo sema hivyo, ili iingie kwenye kamera ya polisi. Kutikisa kichwa na kusema "yes, yes" kwa heshima, kama tulivyozoea mbele ya mkubwa, kule kunaandikwa kama umekubali.

Na saa nazo jamani. Ukiulizwa umekunywa mwisho saa ngapi, ukajibu kwa hesabu ya kwetu saa tatu ukimaanisha saa tatu za usiku, afisa anaandika saa tisa za usiku au anaona unadanganya, na huo muda wa glasi ya mwisho ndio mtaalamu atakaoutumia baadaye kufanya hesabu. Taja kwa saa za Marekani, au hakikisha mkalimani ameelewa.

Anayekutoa damu anatakiwa afanye nini hasa?

Awe mtu anayeruhusiwa na sheria ya jimbo, nesi, mtaalamu wa hospitali wa kuchukua damu, na majimbo mengine yana maafisa wa polisi waliosomea kazi hiyo. Kuna boksi maalum, ndani kuna tyubu mbili kwa kawaida, sindano, kitambaa cha kusafishia ngozi kisicho na pombe, stika za kufungia na fomu. Anafungua boksi mbele ya afisa, anaangalia tarehe ya mwisho ya tyubu, anasafisha mkono, anajaza tyubu mpaka ilipokusudiwa, anazigeuza juu chini taratibu mara 8 mpaka 10 ili unga ulioko ndani uchanganyike na damu, kisha zinabandikwa jina, tarehe, saa na saini, zinafungwa kwa stika ambayo ukiibandua inaonyesha imebanduliwa.

Kila mtu anayeishika baada ya hapo anaandika, ametoa nani, amepokea nani, saa ngapi, imekaa friji gani. Watu wengi wanakimbilia kuuliza kuhusu mashine wakati matatizo mengi ya kweli yapo hapa kwenye mikono ya watu. Kama damu imetoka saa sita usiku na karatasi ya maabara inaonyesha imefika baada ya siku tano, unatakiwa ujue hizo siku tano ilikuwa wapi na kwenye ubaridi gani.

Huo unga wa ndani ya tyubu ya kifuniko cha kijivu ni nini?

Vitu viwili. Tyubu ya kawaida ya mililita 10 ina miligramu 100 za floridi ya sodiamu na miligramu 20 za oksaleti ya potasiamu. Oksaleti inazuia damu isigande. Floridi inazuia vijidudu na vimeng'enya visifanye kazi, maana damu ina sukari na fangasi kama Candida wakiingia mle wanaweza kuchachua sukari wakatengeneza pombe ambayo wewe hukuinywa. Floridi hiyohiyo inasaidia pia kokeini isivunjike haraka kabla haijapimwa.

Hofu ya damu kuchacha ni ya kweli ila msiikuze kupita kiasi. Kwenye tyubu iliyo sawa, yenye floridi ya kutosha na iliyokaa kwenye friji, kinachotokea mara nyingi ni pombe kupungua kidogo kidogo kadiri miezi inavyokwenda, siyo kuongezeka. Tatizo linakuja tyubu ikiwa imeisha muda, haikuchanganywa, au ilisahaulika kwenye buti la gari la polisi kiangazi cha Texas. Tyubu ambayo haikujazwa hadi juu nayo inastahili swali, ingawa nusu tyubu peke yake haiharibu kipimo.

Nesi alinipangusa na spiriti, si ndiyo pombe imeingia?

Hili naulizwa kila mara. Spiriti nyingi za kupangusia ni aisopropanoli, na mashine ya maabara inaitenganisha na ethanoli, ambayo ndiyo pombe ya kunywa, hazichanganyikani kwenye majibu. Ikiwa kitambaa kilikuwa na ethanoli hapo wakili ana la kuuliza, japo kiasi kinachoweza kuingia kupitia tundu la sindano ni kidogo mno kumpeleka mtu asiyekunywa hadi 0.08, kiwango cha kisheria cha majimbo mengi. Ndo maana boksi linakuja na kitambaa cha ayodini au kitu kingine kisicho na pombe, ili mjadala wenyewe usiwepo.

Mashine inajuaje kiasi cha pombe?

Inaitwa gesi kromatografi, na namna inayotumika kwa pombe haigusi damu yenyewe, inapima hewa iliyo juu ya damu. Ukifunua sufuria ya pilau harufu inakufikia kabla hujaona nyama, na jinsi viungo vilivyo vingi ndivyo harufu inavyokuwa kali, basi ndivyo hivyo. Mtaalamu anachukua damu kidogo sana, anaichanganya na kimiminika chenye kiasi kinachojulikana cha propanoli, anaiweka kwenye kichupa na kukifunga kwa mfuniko unaobana, kinapashwa kama nyuzi 60 au 70 za Selsiasi mpaka mvuke wa pombe utulie kwenye nafasi ya juu. Mashine inavuta ule mvuke na kuupitisha kwenye mirija miwili myembamba mirefu yenye utando tofauti ndani, na kila kemikali inatoka kwa wakati wake. Ethanoli ina dakika zake, asetoni zake, methanoli zake. Mwishoni kuna kimoto cha haidrojeni kinachounguza kila kinachotoka na kuchora mlima kwenye grafu, ukubwa wa mlima ndio kiasi.

Mirija miwili ni kwa sababu kitu kingine kinaweza kubahatika kutoka dakika moja na ethanoli kwenye mrija mmoja, lakini kwenye yote miwili kwa pamoja ni vigumu sana. Ile propanoli ni ya kulinganisha, kama kichupa kimevuja au mashine imevuta kidogo, propanoli nayo inapungua kwa hiyo hesabu inabaki sawa.

Kila mara mashine inapowashwa kupima kundi la sampuli kunakuwa na vichupa vya kiwango kinachojulikana, vichupa visivyo na kitu kabisa, na vichupa vya kuhakiki vilivyotawanywa katikati ya damu za watu. Damu yako inapimwa mara mbili, vichupa viwili tofauti, majibu yakipishana kupita kiwango ambacho maabara imejiwekea, mara nyingi asilimia 5, kazi inarudiwa. Hii ni kemia iliyokomaa, inafanyika duniani kote, na kwa pombe naiamini. Ninachosisitiza ni kwamba yale majibu ya vichupa vya kuhakiki nayo ni haki yako kuyaona, usikubali karatasi moja ya namba tu.

Ripoti yangu imeandikwa 0.083 ± 0.005, hiyo alama ni ya nini?

Ni kiwango cha kutokuwa na uhakika wa kipimo. Hakuna kipimo duniani kisicho na hicho kitu, hata mizani ya duka la dhahabu. Hapo maabara inakuambia thamani ya kweli ipo mahali fulani kati ya 0.078 na 0.088, kwa uhakika wa asilimia uliotajwa chini ya ripoti, kwa kawaida 95 au zaidi ya 99. Ukiangalia vizuri upande wa chini umeshuka chini ya 0.08, na hapo mazungumzo na mwendesha mashtaka yanaweza kubadilika. Ila kama yako ni 0.163 ± 0.008 hiyo alama haikusaidii kitu, na wakili mkweli atakuambia hivyo siku ya kwanza.

Wengine wananiletea ripoti isiyo na hiyo alama kabisa. Maabara zenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, zinatakiwa ziwe zimekokotoa, hata kama haikuchapwa kwenye karatasi, kwa hiyo iombwe.

Kiwango chenyewe ni ngapi?

0.08 maana yake gramu 0.08 za pombe kwenye mililita 100 za damu, ni sawa na miligramu 80. Majimbo yote yalikuwa yamepitisha sheria ya kiwango hicho kufikia mwaka 2004, Delaware ikiwa ya mwisho. Utah ikashuka hadi 0.05 tarehe 30 Desemba 2018. Dereva wa lori au basi mwenye leseni ya biashara akiwa kazini ni 0.04, hii inawaumiza wengi wetu wanaoendesha malori. Chini ya miaka 21 ni karibu na sifuri, majimbo yanaweka 0.02 au chini yake.

Waliotoka Kenya wataona namba ya 80 si ngeni kwao, sheria ya kule nayo inataja miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba hata chini ya kiwango unaweza kushtakiwa, kama polisi ana ushahidi mwingine kuwa uendeshaji wako uliharibika. Kiwango ni mstari ambao ukiuvuka hawahitaji kuthibitisha kingine, siyo mstari ambao chini yake uko salama.

Bia ngapi zinanifikisha huko?

Sipendi kutoa hesabu hii kwa sababu watu wanaigeuza ruhusa, ila nitaitoa ili muone inavyotofautiana. Msweden Erik Widmark aliiweka sawa karibu miaka mia iliyopita: gramu za pombe, gawanya kwa uzito wa mwili, na kirekebisho kwa kuwa pombe inakaa kwenye maji ya mwili, wastani 0.68 kwa mwanaume na 0.55 kwa mwanamke. Kopo la kawaida la Marekani la asilimia 5 lina kama gramu 14. Mwanaume wa kilo 80 kopo moja linampandisha kama 0.026, mwanamke wa kilo 60 kopo hilohilo kama 0.042. Makopo mawili kwake ni zaidi ya 0.08 kwenye karatasi kabla mwili haujaanza kuiondoa. Na glasi unayomiminiwa kwenye harusi na shemeji siyo kipimo cha aunsi yoyote.

Damu ilitolewa saa mbili baada ya kusimamishwa, namba hiyo ni ya wakati gani?

Ni ya wakati sindano ilipoingia. Kurudi nyuma hadi wakati wa usukani ni hesabu, na hesabu ina masharti. Mwili wa mtu unaondoa pombe kati ya 0.010 na 0.025 kwa saa, wastani unaotajwa sana ni 0.015. Chukua mtu aliyesimamishwa saa nne usiku, damu saa sita, jibu 0.07. Kama pombe yote ilikuwa imeshaingia kwenye damu wakati anasimamishwa, basi alikuwa kati ya 0.09 na 0.12. Lakini kama alimaliza glasi ya mwisho dakika kumi kabla, juu ya ugali na nyama tele, pombe ilikuwa bado inapanda na inaweza kuendelea kupanda saa nzima au zaidi, kwa hiyo akiwa barabarani huenda alikuwa chini ya ile 0.07. Damu moja peke yake haiwezi kukuambia ipi kati ya hizo mbili ndiyo kweli. Mtaalamu mwaminifu atasema nahitaji muda wa kunywa wa mwisho, chakula, uzito, na kama hana atatoa masafa mapana au atakataa kabisa kufanya hesabu. Mtaalamu anayetoa namba moja kavu bila masharti aulizwe kwa kina.

Majimbo kadhaa yamekwepa tatizo hili kwa kuandika kwenye sheria kwamba kinachohesabika ni kiwango ndani ya saa fulani baada ya kuendesha, Washington kwa mfano ni saa mbili.

Hospitali walipima 0.09, maabara ya jimbo haikupima kabisa, wanaweza kutumia ile?

Wanaweza, wakiipata kwa kibali au amri ya mahakama, lakini isomwe tofauti. Hospitali inapima kwa ajili ya kukutibu, inapima seramu, yaani maji ya damu baada ya chembe kuondolewa, na kwa kuwa pombe inapenda maji, seramu inasoma juu kuliko damu nzima. Uwiano wa wastani unaotumika ni kama 1.14, ukigawa 0.09 kwa hiyo unapata 0.079, ambayo ipo upande wa pili wa mstari. Angalieni hapo mtu anavyoweza kukiri bure.

Tena hospitali nyingi zinatumia njia ya vimeng'enya, na kwa majeruhi mahututi ambaye laktiki asidi imepanda sana njia hiyo inaweza kudanganyika kidogo kwenda juu. Na hakuna stika wala orodha ya nani ameshika nini, maana hawakuwa wanatafuta ushahidi. Ripoti yao huandikwa miligramu kwa desilita, 90 hapo ndiyo 0.09, msiogope mkiona namba kubwa.

Kahawa nyeusi, ndimu, supu ya pweza, kuoga maji baridi?

Hakuna kinachoongeza kasi ya ini. Unaamka vizuri kidogo tu, namba iko palepale.

Mimi ni mgonjwa wa kisukari, au nimefunga Ramadhani, mwili si unatengeneza pombe?

Mwili ukiishiwa sukari unatengeneza asetoni, siyo ethanoli. Gesi kromatografi inaziona kama vitu viwili tofauti vyenye milima miwili tofauti. Mtu aliyefunga na asiyekunywa atapata sifuri ya ethanoli, awe na amani. Kisukari kina hatari nyingine, sukari ikishuka sana mtu anayumba na kuongea ovyo akafanana na mlevi, na hapo ripoti ya damu isiyo na pombe ndiyo itakayomtetea, kwa hiyo huyu kipimo cha damu ni rafiki yake.

Wanapimaje bangi na dawa nyingine?

Hapa kunakuwa na hatua mbili na naomba muielewe tofauti yake. Kwanza ni mchujo, kipimo cha haraka kinachotumia kingamwili zinazonasa kundi zima la dawa zinazofanana. Kinaweza kunasa kitu jirani. Kwa hiyo mchujo ukisema ndiyo kwenye kundi la amfetamini hiyo siyo hukumu. Hatua ya pili ni uthibitisho kwa mashine ya masi spektrometri, inayopima molekuli yenyewe na vipande vyake na kutoa jina na kiasi, kwa nanogramu, ambayo ni sehemu ya bilioni ya gramu. Ripoti inayosema mchujo tu bila uthibitisho usiichukulie kama imemaliza.

Maabara nyingi pia zikiona pombe iko juu sana haziendelei kutafuta dawa, kwa kubana muda na gharama. Kwa hiyo ripoti ya pombe tu haimaanishi hakukuwa na kingine, na msitafsiri hivyo kwa upande wowote.

Nilivuta bangi wiki iliyopita, kwa nini imetokea?

Kuna vitu viwili, THC yenyewe inayolevya, na mabaki yake yanayoitwa kaboksi-THC yasiyolevya. Ukivuta, THC kwenye damu inapanda ndani ya dakika chache kisha inaporomoka, baada ya saa moja au mbili inaweza kuwa imebaki kidogo sana, ilhali mabaki yanakaa siku na hata wiki kwa mvutaji wa kila siku. Huyo mvutaji wa kila siku anaweza pia kuonekana na THC kidogo siku kadhaa baada ya kuacha kwa sababu inajificha kwenye mafuta ya mwili.

Matokeo yake namba ya THC haiendani na ulevi kama namba ya pombe inavyoendana. Mtu aliyelewa kweli damu ikichelewa saa mbili anaonekana na namba ndogo, na mzoefu asiyelewa anaonekana na namba kubwa. Washington iliweka nanogramu 5 kwa mililita kuwa kosa moja kwa moja, Colorado ina 5 hiyohiyo ila pale ni dhana ambayo jopo la wananchi wanaoamua kesi (jury) linaweza kuikataa. Arizona ilikuwa inashtaki hata kwa mabaki, mpaka mwaka 2014 mahakama yake ya juu iliposema mabaki yasiyolevya peke yake hayatoshi. Kwa maoni yangu hizi namba za THC zimewekwa kwa kutamani urahisi wa pombe, na sayansi haijatoa urahisi huo. Soma ripoti yako uone imetajwa ipi kati ya hizo mbili kabla hujasema neno.

Na mirungi?

Miraa, mirungi, jaba, vyovyote mnavyoiita. Huko nyumbani Kenya inauzwa hadharani, huku kethinoni iliyomo kwenye jani bichi iko kundi la kwanza la dawa haramu za serikali kuu, na kethini ambayo ni dhaifu iko kundi la nne. Jani likikauka kethinoni inavunjika, mwilini nayo inaondoka haraka, mara nyingi yanabaki mabaki yake. Siyo kila maabara inaitafuta kwenye orodha yake ya kawaida. Dereva wa lori anayetafuna ili asilale usiku kucha huwa anajiona yuko macho, kumbe usingizi unamdai, na inapoisha nguvu unamwangusha ghafla kwenye usukani. Hilo mashine haiwezi kulipima na ndilo linaloua.

Dawa niliandikiwa na daktari, nayo ni kosa?

Karatasi ya daktari haikulindi kama dawa imekuharibia uendeshaji. Zolpidemu ya usingizi ndiyo mfano ninaopenda kuutoa, Januari 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka dozi ya wanawake ishushwe toka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu asubuhi bado inaweza kuwa nyingi kwenye damu kiasi cha kuharibu uendeshaji. Mtu kalala, kaamka, kapeleka watoto shule, hajui kama bado amelewa. Upande wa pili, namba ya dawa ikiwa ndani ya kiwango cha matibabu haisemi kwamba ulikuwa umelewa, mgonjwa aliyezoea dozi yake kwa miaka yuko tofauti na aliyeanza jana, na ripoti haijui wewe ni yupi. Beba orodha ya dawa zako na tarehe ulizoanza umpe wakili.

Aliyepima damu lazima aje mahakamani?

Kesi iliyojibu hili ni ya damu ya dereva hasa, Bullcoming dhidi ya New Mexico, 2011. Ripoti ilisema 0.21, lakini mtaalamu aliyepima alikuwa amepewa likizo bila malipo na upande wa mashtaka ukaleta mwenzake ambaye hakupima wala kushuhudia. Mahakama ya Juu ikasema mshtakiwa ana haki ya kumhoji aliyetia saini. Mwaka 2024 kwenye kesi ya Smith dhidi ya Arizona wakabana zaidi, mtaalamu mbadala hawezi kupitisha maneno ya aliyepima kwa kisingizio kwamba ni msingi tu wa maoni yake. Majimbo mengi yanakutaka udai haki hiyo kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, ukinyamaza imepotea.

DUI inaharibu karatasi zangu za uhamiaji?

Mwaka 2004 katika kesi ya Leocal dhidi ya Ashcroft Mahakama ya Juu ilisema DUI ya Florida iliyosababisha majeraha makubwa siyo kosa la ukatili la kukufukuzisha nchini kwa sheria ya uhamiaji. Isiwalegeze. Viza inaweza kufutwa na ubalozi kwa kukamatwa tu, DUI mbili zinaleta dhana kwamba huna tabia njema, na kesi ikihusisha dawa haramu mlango ni mwingine na mbaya zaidi. Kabla hujakubali makubaliano yoyote kuhusu dawa iliyotajwa kwenye ripoti, wakili wa uhamiaji aione kwanza.

Ndugu yetu amefariki kwenye ajali na ripoti inasema alikuwa amelewa, tuiamini?

Poleni sana. Baada ya kifo bakteria wanaweza kutengeneza pombe mwilini, na pombe iliyoko tumboni inaweza kupenya kwenda kwenye damu ya kifuani. Kwa hiyo ulizeni damu ilichukuliwa wapi, mshipa wa paja ndio unaoaminika zaidi, damu ya moyo kidogo. Ulizeni pia kama walichukua maji ya jicho, yamejitenga, bakteria wanachelewa kuyafikia. Damu ikiwa na pombe na jicho halina kabisa, kuna sababu nzito ya kushuku ile pombe ilitokea baadaye. Familia mnaruhusiwa kuuliza hayo, na bima nayo muiulize kabla haijakataa kulipa.

Naweza kupimisha upya kwa maabara yangu?

Mara nyingi ndiyo, kwa gharama yako, ndiyo kazi ya tyubu ya pili. Ombi linapita kwa wakili, maabara ya jimbo inaituma moja kwa moja kwa maabara yenye ithibati, haikabidhiwi mkononi. Muda ndio adui, California inatakiwa itunze sampuli mwaka mmoja, majimbo mengine ni tofauti na baada ya hapo inateketezwa kihalali. THC pia inapungua kwenye tyubu kadiri inavyokaa. Barua ya kuomba itunzwe iandikwe wiki ya kwanza, na ndani yake iombwe pia grafu zote za siku ile, majibu ya vichupa vya kuhakiki, rekodi za matengenezo ya mashine na orodha ya waliopokezana tyubu.